Mstari wa Nne

YAH: RUFAA YA MKULIMA DHIDI YA MAONI YA MWONJAJI, FOMU NA. 14(b), MSTARI WA NNE.

Ndivyo faili lilivyoandikwa juu, kwa wino mwekundu, na chini yake mihuri mitatu, mmoja umegongwa miguu juu kichwa chini. Ofisi yetu ya kupima vinywaji haina haraka na jambo lolote, lakini ikiona mihuri mitatu hutembea kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Mimi ni mwonjaji. Kazini wananiita Ulimi. Nyumbani mama yangu ananiita mlevi wa serikali, ingawa kwa miaka kumi na moja sijameza hata funda moja mezani pale. Unainusa glasi, unavuta funda, unalizungusha mdomoni hadi ufizi ulalamike, unatema kwenye ndoo, kisha unaandika ulichokitambua. Ukimeza, umekunywa. Ukitema, umefanya kazi.

Siku hiyo tulilinganisha mvinyo mwekundu mchanga wa mikoa sita, wote wa msimu mmoja, haujatimiza mwaka tangu zabibu zikamuliwe. Chupa zilifungwa karatasi ya kaki na kupewa namba, ili mtu asipendelee kwao. Tulikuwa watatu: mimi, dada wa maabara, na mwalimu mstaafu mwenye mafua ya kudumu, ambaye hakuna aliyethubutu kumwondoa kwa sababu jina lake limo kwenye waraka wa uteuzi.

Chupa ya kwanza ilikuwa chachu, imekaza kama ngumi. Ya nyanda za juu, ambako zabibu huiva kwa kusitasita. Ya pili ilikuwa nzito, mwanzo utamu, mwisho moto kooni. Bondeni, jua tupu. Ya tatu ni ya mchangani, nyepesi kama maji ya kunawa yaliyopita karibu na zabibu. Ya nne ilikuwa na chumvi kwa mbali, ya kando ya ziwa la magadi. Ubishi ukaja kwenye ya tano na ya sita, zilizotoka pande mbili za mlima mmoja: upande wa asubuhi una harufu ya maua, upande wa jioni una ukakasi wa chai iliyosahauliwa jikoni.

"Mimi naona zote sawa," akasema mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, kwa pua hiyo hata mafuta ya taa ni sawa," akajibu dada wa maabara.

Saa kumi na moja wakaondoka. Mimi nikazuiwa.

"Kuna ya saba," akasema katibu, mtu mwembamba tunayemwita Muhuri. "Ya rufaa. Kanuni inasema ataionja yule yule aliyeikataa."

"Hata kama ndiye anayelalamikiwa?"

"Hasa huyo."

Nikaomba simu yangu niwaarifu nyumbani. Simu zetu hukaa kwenye sanduku la mapokezi mpaka fomu ya mwisho igongwe muhuri, na Muhuri akanikumbusha hilo kwa furaha isiyofichika.

Mlalamikaji akaingia. Mwanamke mrefu, mjane, viatu vina vumbi la safari ndefu. Chupa ameibeba kifuani kama anayebeba mtoto mgonjwa. Hakusalimia. Akaketi mbele yangu, akaivuta ndoo ya kutemea hadi miguuni pake.

Nikalifungua faili kuangalia kosa langu. Fomu Na. 14(b) ina mistari minne: ladha na harufu zilizotambuliwa. Mwaka jana mitatu ya kwanza niliijaza kwa haki. Wa nne ulibaki mtupu, nilikuwa na njaa, na wenzangu walikuwa wanangoja kucheka. Nikaandika: *Nyumba iliyohamwa.*

Walicheka kweli. Mvinyo ukakataliwa.

"Mama, ule ulikuwa mzaha," nikasema. "Naomba radhi."

"Ulipoandika hivyo," akasema polepole, "nyumba yangu ilikuwa na watu sita."

Muhuri akakohoa. "Maelezo ya mdomo hayapokelewi katika rufaa. Tuendelee."

Mjane akamimina mwenyewe. Rangi ya zambarau iliyokolea, kama mvinyo wowote mchanga. Nikainusa. Nikavuta funda.

Haikuwa ya juu. Haikuwa ya bondeni wala ya mchangani. Ulimi wangu ulizunguka mikoa yote ninayoijua ukarudi mikono mitupu... kisha kitu kikajitokeza, wazi kabisa. Nikatema. Nikaandika mstari wa kwanza: *Mkaa uliozimwa kwa maji.*

Mahali fulani mlango ukaburuza.

Krrrr... halafu kitasa.

"Nani yuko huko nje?" nikauliza.

"Hakuna mtu," akasema Muhuri. "Jengo zima tumebaki sisi. Na umeme unalipiwa na ofisi, kwa hiyo tafadhali."

Nje jua lilikuwa linazama, dirisha limegeuka rangi ya kilichomo kwenye glasi. Mjane akamimina tena. Safari hii kilikuja kitu chenye ubaridi, cha kupanda puani. Nilikijua kabla sijatema. *Dawa ya kuchua, yenye mnanaa.* Mama yangu hujipaka magotini kila jioni, nyumba nzima inanuka.

Nikajiambia dawa hiyo inauzwa kila duka.

Krrrr... kitasa.

Mlango wa nyumbani kwangu unaburuza sakafu. Miaka mitatu mke wangu ananiuliza nitaupiga randa lini, na miaka mitatu namjibu Jumamosi. Sauti ile naijua kama ninavyoijua sauti ya kikohozi changu. Lakini nyumbani ni mwendo wa saa nzima kutoka ofisini.

Ningepaswa kuacha pale pale. Najua. Ila mtu anayelipwa kwa ulimi wake ana kiburi kimoja tu, na mjane alikuwa ananitazama kama anayesema sitaweza. Nikavuta funda la tatu. Mafuta ya nywele... na chini yake nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, ingali moto. Shingo ya mke wangu asubuhi, ninapoaga.

Mkono ukaandika wenyewe, kwa mazoea.

Nikatema.

Mlango ukaburuza kwa muda mrefu, kama anayetoka amebeba mzigo.

Nikatazama chini. Mjane alikuwa anaifunika ndoo kwa kitambaa, akikikunja pembeni kwa uangalifu, kama mtu anayefunika chakula cha wageni.

"Umeweka nini kwenye chupa hii?" nikamnong'oneza.

"Zabibu."

"Mama, wewe ni mchawi."

"Mimi nimeleta chupa tu, baba. Anayeandika ni wewe."

Akamimina la nne.

Nikakataa. Muhuri akanisomea kifungu: mwonjaji akikataa kuonja, maoni yake ya awali hubaki halali na hukamilishwa na katibu. Alikisoma mara mbili, ya pili kwa madaha. Nikainua glasi nikiwaza kwamba nitaonja, nitanyamaza, basi.

Ladha ikaja ndogo kabisa. Mti. Risasi ya penseli. Mate.

Binti yangu ana miaka minane na huilamba penseli kabla ya kila hesabu. Tumemkanya mpaka tumechoka.

Ndoo ilikuwa inasubiri. Mjane aliikunjua ncha ya kitambaa, akaisogeza kwa mguu, taratibu.

Nikameza.

Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Ilishuka kama kipande cha barafu, ikakaa hapa, chini ya kifua. Nikaweka kalamu mezani nikaifunika kwa kiganja.

Kwa mara ya kwanza mjane alionekana kutokuwa na hakika. Aliitazama shingo yangu, si macho yangu.

"Mstari wa nne," akasema Muhuri.

"Unabaki mtupu."

"Haubaki."

"Ulimi ni wangu, bwana. Sina la kuandika."

"Hilo nalo lina kifungu chake." Akaivuta fomu upande wake. "Ulimi, unajua mimi sikuchukii. Ni kwamba nataka kwenda nyumbani kama watu wengine."

Nikaona anachotaka kufanya. Nikaruka kuishika karatasi, kiti kikaanguka, lakini yeye ameandika maisha yake yote na mimi nimeonja tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mstari usio na kitu, kwa mujibu wa kanuni, hujazwa neno moja.

Akaandika: *Hakuna.*

Akagonga muhuri.

Sikusikia mlango. Nilisikia kimya, kile cha nyumba ambayo hata saa ya ukutani imeondolewa.

Mjane akainuka na ndoo yake. Mlangoni akageuka. "Uje utembee siku moja," akasema. "Kwangu sasa kuna watu."

Nilifika nyumbani giza limekwisha kuingia. Mlango ulikuwa wazi, na sakafuni alama ya kuburuza ilikuwa mpya, nyeupe. Jiko lilikuwa na mkaa uliolowa. Ukutani misumari, bila nguo. Jirani ambaye tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka tisa akachungulia na tochi.

"Karibu, ndugu," akasema kwa adabu. "Ndiyo kwanza unahamia? Nyumba hii haijakaliwa muda mrefu."

Nimekwenda polisi, wanataka vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na vyeti havipo. Nimemwendea Muhuri, anasema faili limefungwa. Shamba la mjane nimelitafuta kwenye daftari la wakulima, halimo, na ukurasa wa siku ile una chupa sita tu. Sijaonja tena. Mezani pangu ipo penseli moja, kitu chao pekee nilichokikuta mle ndani. Kila jioni nikirudi, ncha yake imeloa.

Kilichotokea ni hiki: nilikuwa na njaa, nikajaza mstari ambao ningeweza kuuacha, na rufaa ya mkulima ikakubaliwa.