Kiti cha Nne cha Jiolojia

Kengele ililia, na kiti kilichokuwa nyuma yake hakikuwa na mtu.

Watu ukumbini wakacheka. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, raundi ya kwanza ya mashindano ya taaluma baina ya idara, na chuo kizima pale Tarime kilikuwa kimejazana kuwaona Uhasibu wakiwatoa jasho Jiolojia. Uhasibu walikuwa wameshajitangazia ushindi tangu Jumatatu. Watu wale hawajui kunyamaza. Kila idara ilipewa meza ndefu yenye viti vinne, na mbele ya kila kiti kitufe chenye kengele na taa ndogo nyekundu. Meza ya Jiolojia walikaa watatu: Nyangi, ambaye alikuwa nahodha, Matiko, na Rahabu. Cha nne hakikukaliwa, lakini taa yake ilikuwa inawaka.

"Jiolojia, kiti cha nne," alisema Dokta Imelda, msoma maswali, macho yakiwa kwenye karatasi. Kisha akayainua. "Nani amebonyeza?"

"Shoti hiyo, Dokta," Matiko alisema haraka. "Nyaya."

"Shoti au si shoti, kengele yenu ndiyo iliyotangulia. Nipeni jibu. Sekunde kumi."

Swali lilihusu madini ya njano yanayomdanganya mchimbaji akadhani ni dhahabu, na namna ya kuyatambua bila maabara. Nyangi alifungua mdomo, lakini Rahabu akamtangulia. Rahabu yule yule wa Nyambureti, ambaye kwa miaka mitatu hakuna mhadhiri aliyewahi kumsikia akijibu kabla ya kuitwa mara mbili, alisimama wima.

"Kwa ufupi tu, mwalimu, ni pairaiti. Ipige nyundo. Dhahabu inabonyea, pairaiti inavunjika na kunuka kiberiti."

Akakaa. Makofi yakapigwa. Nyangi hakupiga, maana "kwa ufupi tu, mwalimu" yalikuwa maneno ya Nestory, na Nestory alikuwa amekufa.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu kosa lilikuwa la Nyangi na mwenyewe hakulikana. Nestory Owiti ndiye aliyekuwa kichwa cha idara. Likizo iliyopita alikwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kutafuta chochote, na duara, lile shimo refu la kuchimbia, likaporomoka yeye akiwa chini. Wenzake walichimba siku kumi na mbili, wakakata tamaa, wakalifukia. Mwili haukuonekana. Pasipo mwili hapakuwa na cheti cha kifo, na pasipo cheti, rejista ya chuo ilimhesabu kuwa mwanafunzi aliyechelewa kurudi.

Fomu ya mashindano nayo ilidai majina manne ya waliofaulu mchujo. Anayeumwa aliruhusiwa kukosekana na kiti chake kikaachwa wazi, lakini timu ya majina matatu haikusajiliwa kabisa. Jiolojia waliofaulu mchujo, uliofanyika kabla ya likizo, walikuwa wanne tu, pamoja na Nestory, na bingwa alikuwa anakwenda Dodoma. Nyangi akashika kalamu akaandika: Nestory Owiti, mgonjwa.

"Ni jina tu," aliwaambia Matiko na Rahabu siku ile. "Jina halili wala halinywi."

Baada ya raundi, fundi wa umeme alikifungua kile kitufe cha nne. Nyaya zilikuwa nzima. Lakini ndani ya kikasha alikuta udongo mwekundu, mbichi, umeshindiliwa mpaka pembeni. Aliukwangua kwa bisibisi huku akilaumu wanafunzi kwa michezo yao, akaumwaga dirishani. Matokeo yakabandikwa kwenye ubao, yakatupwa pia kwenye makundi ya WhatsApp, yamepambwa kwa maua: Jiolojia wamepita, na chini yake majina yote manne.

"Ulijuaje lile jibu?" Nyangi alimuuliza Rahabu walipofika chumbani. Walikuwa wanalala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, na kanga zao zilishachanganyika hata hawakujua ipi ya nani.

"Jibu gani?" Rahabu alisema. "Nilisikia baridi hapa, nyuma ya shingo, kama mtu amenipulizia. Nikashtukia nimeshakaa, watu wanapiga makofi."

Akakohoa. Alikohoa tena usiku ule na kesho yake mchana kutwa, kikohozi kikavu cha mtu anayefagia ghala, na kila alipofuta mdomo kitambaa kilibaki na rangi ya kutu. Chumba kilianza kunuka udongo uliotoka kuchimbwa, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine kali, ya baruti. Nyangi alifungua madirisha yote mawili. Harufu haikutoka. Aliogopa, na kwa kuwa aliogopa alijiambia kuwa ni mafua.

Raundi ya pili ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, Jiolojia na Kilimo. Jua lilikuwa kali, bati la ukumbi lilikuwa linalia kwa joto, na watu walijipepea kwa madaftari. Rahabu peke yake alikuwa amevaa sweta na anatetemeka.

Dokta Imelda alisoma: "Ni dalili zipi humwonyesha mchimbaji kwamba duara linakaribia kuporomoka?"

Kengele ya kiti cha nne ililia kabla hajafunga mdomo. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu mikono ya wote watatu ilikuwa juu ya meza na kila mtu aliiona. Rahabu akasimama, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanaume.

"Kwa ufupi tu, mwalimu. Kwanza ni vumbi, linakudondokea shingoni kidogo kidogo na wewe unalifuta ukidhani ni jasho, halafu magogo yanaanza kulia, halafu aliye juu anaacha kuvuta kamba kwa sababu yeye ameshasikia na wewe hujasikia, unainua taa ya kichwani unaona ukuta umesogea, unaita, mdomo unajaa, unaita tena kwa pua, na kwa vile ulisoma darasani unaanza kupiga hesabu ya hewa iliyobaki kwenye nafasi ya mita mbili, unapata saa tatu, mwalimu, unajipa moyo kwamba ni saa tatu tu, na zilikuwa saba."

Rahabu akainama, akatapika mezani. Ulikuwa udongo mwekundu, mwingi kuliko tumbo la binti yule lingeweza kubeba, na ndani yake kipande cha kamba ya katani.

"Jibu ni... sahihi," alisema Dokta Imelda kwa sauti ndogo.

Nje, Matiko aliurarua ule utepe wa timu aliokuwa ameufunga mkononi. "Mimi kwenye meza ile sirudi."

"Mura, kaka yangu, ngoja kwanza. Tumpeleke Rahabu hospitali, halafu—"

"Hospitali ya nini? Nyangi, wewe unajua ni nani yule. Tunajua wote watatu. Sisi ndio tuliomwita."

Hata hivyo Nyangi alimpeleka hospitali, kule Bomani. Malaria hana, taifodi hana. Daktari aliuliza kama mitihani imekaribia, akawapa vitamini. Jumamosi Rahabu hakuamka kitandani. Alilala macho wazi, mikono imebana ubavuni kama aliyebanwa kwenye nafasi finyu, na kucha zake, ambazo Alhamisi alizipaka rangi ya waridi, zilikuwa zimekatika hadi kwenye nyama.

Saa sita mchana mlango uligongwa. Alikuwa Beatrice, mpishi wa kantini, amemletea mgonjwa uji. Alivuta hewa mara moja tu pale mlangoni, akaliweka bakuli chini.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba." Hakuingia. "Nani aliandika jina la Nestory?"

"Ni mimi."

"Sema polepole, asisikie. Nestory ni wa kijijini kwetu, kule chini mpakani na Rorya. Mama yake alizika watatu kabla yake, huyu ndiye aliyemsalia. Sasa wewe ni Mkurya, labda hujui yetu. Kwa Wajaluo, mtu akipotea asionekane mwili, tunachuma tunda la mwegea, yago tunaliita. Linavalishwa sanda, linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa na kuzikwa kwa jina lake, ndipo anapata pa kulala. Jumatano hii kaburi lilishachimbwa. Mzee Simioni, baba yake mdogo, yago alishalichuma. Basi mtu mmoja akamwonyesha mama simu. Hongera, Jiolojia, Nestory Owiti."

"Mungu wangu."

"Akasimamisha msiba. Akawafukuza waombolezaji. Mwanangu yuko chuoni, anashindana, mnamzika kwa nini? Kwa hiyo Nestory duarani ametoka, nyumbani hajafika. Jina lake liko hai mahali pamoja tu, kwenye fomu yenu." Beatrice alichungulia kitanda. "Na kwenye meza yenu alikuwa anakaa karibu na nani?"

Nyangi aligeuka kumtazama Rahabu. Kitandani, bila kugeuza kichwa, Rahabu alisema kwa ile sauti nzito, "Anti Beatrice, fainali lini?"

Beatrice alishika mwimo wa mlango. "Asipozikwa kabla ya hiyo fainali," alinong'ona, "mwenzako hutampata tena."

Alasiri ile ile Nyangi alikwenda nyumbani kwa Dokta Imelda akaeleza kila kitu, akilia. Dokta aliitoa fomu, akampa kalamu, na Nyangi mwenyewe akapiga mstari juu ya jina. Jiolojia ikatolewa mashindanoni. Safari ya Dodoma ikapotea, na heshima ya idara nayo, na barua ya nidhamu ikaahidiwa. Nyangi alirudi mbio chumbani akitumaini kumkuta rafiki yake ameketi anasuka nywele. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, amekiweka kidole juu ya meza, anabonyeza, anabonyeza, na kutoka mahali pasipo kengele, kengele ilikuwa inalia.

Jumapili walimpakia kwenye gari la kukodi, Nyangi, Matiko na Beatrice. Matiko alikuja kwa hiari yake, akakaa mbele, hakugeuka hata mara moja. Rahabu hakuleta shida njiani. Kila walivyokaribia kijiji ndivyo alivyotulia, na walipoiacha lami akaanza kuelekeza dereva, kata kulia, hapo kwenye kisima ingia kushoto, yeye ambaye maishani hakuwahi kufika huko.

Mzee Simioni, ambaye Beatrice alishampigia simu, aliwapokea kwa kuwatazama tu. Kaburi lilikuwa wazi bado, limefunikwa mabati. Jeneza lilitolewa, dogo, na ndani yake tunda refu la kijivu limeviringishwa sanda hadi juu. Mama Nestory alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, amegeukia ukuta.

"Shikamoo, mama," Nyangi alisema, akapiga magoti. Alishajua la kusema, kwa kuwa Mzee Simioni alimwambia: aliyemwandika hai ndiye amtangaze kuwa amekufa. "Mama, Nestory amekufa. Alikufa duarani. Hakuja chuoni, wala hakushindana. Jina lile niliandika mimi, kwa tamaa yangu. Nisamehe."

Yule mama akainuka, akaja hadi kaburini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekubali. Watu wakaanza kulia. Jeneza likashushwa. Mzee Simioni akamwonyesha lundo la udongo.

"Mama ndiye anatangulia," alisema. "Ukitupa wewe, imekwisha. Sisi tutafukia."

Mama Nestory akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mkono juu ya shimo. Rahabu, aliyekuwa ameshikwa na Beatrice upande wa pili, akaanza kupumua kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akasema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kitoto karibu, "Nyangi. Nyangi, niko wapi? Nishike." Nyangi akazunguka kaburi akamshika mkono, ulikuwa na joto, akamwambia tayari, tayari, bado kidogo tu, vumilia, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja kwa sababu alikuwa amempata, alikuwa amempata kabisa, na mle ndani ya kiganja chake akahisi vidole vya rafiki yake vikipoa kimoja baada ya kingine.

"Mama," ilisema sauti ya Nestory. "Aol." Nimechoka.

Mkono wa mama ulisimama juu ya shimo.

"Tupa!" Mzee Simioni alipaza sauti. "Shemeji, huyo siye. Huyo ni mtoto wa watu. Tupa!"

"Ana mama yake, mama," Nyangi alisihi. "Yuko Nyambureti, anamsubiri. Nakuomba. Nakuomba sana."

Mama Nestory aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama mtu asiyekielewa Kiswahili. Aliugeuza mkono pembeni, akauachia udongo ukaanguka kwenye nyasi, akajifuta kiganja kwenye kanga. Akalizunguka kaburi polepole, akautoa mkono wa Rahabu katika mkono wa Nyangi.

"Isechiemo?" alimuuliza kwa upole. Umeshakula?

Na Rahabu, ambaye hakujua neno moja la Kijaluo, akamwegemezea kichwa begani.

"Pok achiemo, mama," akasema. Bado sijala.

Wakaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa komeo.