Jina Lililokatwa

Agnete alimkanyaga Ejnar mguu wa kushoto, ule ule mbovu, katikati ya umati wa kampeni mbele ya jumba la mji, Copenhagen, Machi ya mwaka 1929.

"Yesu wangu! Nimekuumiza, kaka?"

"Wala. Una bahati, umekanyaga ule wa akiba."

Akacheka mpaka kofia yake ya bluu ikamteleza. Koti la kijivu lilimkaa vizuri kiunoni, na sauti ile Ejnar aliijua kabla ya kuuona uso: ndiyo ya yule opereta wa simu, aliyemwuliza namba ya kumwunganishia kila alipopiga kutoka dukani kwa mwoka mikate. Basi jamani, kijana akaisha.

Tangu hapo akawa anapiga simu bila sababu yoyote.

"Namba, tafadhali?"

"Nitafutie mrembo mmoja mwenye kofia ya bluu."

"Huyo yuko kazini, bwana. Acha uchokozi." Kisha kwa kunong'ona, "Saa kumi na mbili, mlangoni. Usichelewe, mpenzi."

Agnete alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano, umri wa kupiga kura enzi hizo, na hii ingekuwa kura yake ya kwanza. "Tutaingia kupiga kura tumeshikana mikono," alisema, "tukitoka, moja kwa moja kwa baba ukajitambulishe." Kila akilisema hilo, Ejnar alibadilisha mazungumzo.

"Una mke mahali, nini?"

"Mke wa wapi!"

"Basi unanificha kitu."

"Sina cha kukuficha."

Alikuwa nacho. Majira ya baridi ya mwaka juzi aliteleza barafuni, akavunjika mguu, akaishi miezi mitatu kwa msaada wa masikini wa manispaa. Na aliyepokea msaada huo, asipoulipa wala kusamehewa, kisheria kura hana. Aliona haya kama mwizi. Akajipa moyo kwamba labda karani wa orodha ya wapiga kura amesahau kulikata jina lake.

Siku ya uchaguzi walipanga mstari kwenye kituo cha kura shuleni, Agnete kamshika mkono, anameremeta. Ejnar akataja jina. Karani akashusha kidole kwenye orodha.

"Limekatwa. Msaada wa masikini. Anayefuata!"

Alisema kwa sauti, bila ubaya wowote, kama mtu aliyechoka. Mkono wa Agnete ukamtoka Ejnar taratibu. Akapiga kura yake, akamkuta getini.

"Baba amezibua mitaro miaka thelathini. Ulidhani tungekucheka?"

"Niliogopa utanitazama hivyo."

"Nakutazama hivi kwa sababu ya uongo! Nimekuuliza mara ngapi, Ejnar? Nimekuja kujua mbele ya mtaa mzima."

Agnete akaondoka, anafuta macho kwa glavu.

Kesho yake dukani kwa mwoka mikate ilikuwa shangwe tupu. Chama cha wafanyakazi kimeshinda, watu wanakumbatiana na unga mikononi. Ejnar akajipenyeza mpaka kwenye simu.

"Namba, tafadhali?"

"Agnete, ni mimi. Nisamehe, mpenzi wangu."

Akamsikia akivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyelia usiku kucha.

"Namba, bwana."

Ejnar akasimama na simu sikioni. Hakuwa na namba ya kumpa.