Kioo Kilichofunga Giza Kibiti

Risasi ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ilipasua tairi la nyuma la Pajero, na gari likaingia kwenye shamba la mihogo karibu na njia panda ya Mchukwi.

Mwanasiti Dadi, mpelelezi wa serikali, alishuka kwenye pikipiki yake ya Yamaha, akairudisha bastola ya Browning kiunoni chini ya khanga, akamfungulia dereva mlango kwa adabu zote.

"Shuka, kaka Tahiri. Tunarudi ofisini kwako."

Tahiri alishuka akijipangusa vumbi suruali. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, kila mwenye suti na faksi alikuwa mwekezaji, na huyu alikuwa meneja wa kampuni ya kununua kamba wa delta. Masanduku yake yalikuwa na kamba juu, barafu katikati na pembe za ndovu chini. Juzi Khamis, askari wa wanyamapori, alifunua sanduku moja hadi chini. Sasa alikuwa amefungwa kamba kwenye boti ileile iliyobeba mzigo, iliyofichwa ndani ya delta.

Boti ingetoka maji yakijaa, saa tano na robo. Ikishavuka mlango wa mto, Khamis angekuwa chakula cha papa.

Saa ya Mwanasiti, Casio ya plastiki, ilisema saa nne na dakika tano asubuhi.

Tatizo lilikuwa moja. Rufiji inaingia baharini kwa milango mingi, na Feisal, mwenzake aliyekuwa majini, alikuwa na boti moja ya doria. Angeweza kuziba mlango mmoja tu. Jina la mlango lilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi ya Kibiti. Petros, mgeni mwenye pembe zile, aliliandika mwenyewe Jumatatu, akamtoa karani nje ya chumba.

Na tangu Jumanne kompyuta hiyo haikuonyesha kitu.

"Nimeikagua, afande," alisema Mudy walipoingia ofisini. "Mazabodi, moyo wa kompyuta, imeungua."

Mudy alikuwa mtaalamu. Alijiita hivyo mwenyewe, kwa hiyo tumwachie. Idara ilimleta kutoka Dar akiwa na tai nyekundu na cheti cha kozi ya wiki sita, naye kwa saa nzima alikuwa amefungua mfuniko wa kompyuta, akamwaga skrubu mezani na kutikisa kichwa kama daktari anayengoja bahasha.

"Tuipeleke Dar," aliendelea. "Jumatatu tutapata jibu."

"Leo Alhamisi."

"Utaalamu hauna haraka, afande."

Tahiri, mikono ikiwa pinguni, alicheka kwa raha. "Fundi wangu naye alisema imekufa. Ningekuwa na wasiwasi ningeiacha hapa? Maiti haisemi, bibie."

Angeweza kumpiga. Mkono ulimwasha kweli. Lakini mtu wa aina ya Tahiri ukimpiga anataja mlango wowote unaomjia mdomoni, na Khamis anakufa kwenye mlango mwingine.

Redio ilikoroma dirishani, Feisal akiita kwa majina yao ya kazi. Waya wake ulitoka kwenye Land Rover iliyoegeshwa nje, yenye antena ndefu kuliko mnazi mchanga.

"Kuyu, Kuyu, hapa Chatu. Nielekee wapi?"

"Chatu, kaa hapohapo. Ngoja."

"Maji yanapanda, Kuyu."

"Nimesikia."

Saa nne na dakika ishirini na tano.

Mwanasiti aliinama. Jenereta ilinguruma uani, na feni ya kompyuta ilizunguka ndani ya tumbo lile lililopasuliwa. Waya wa nyuma ya kioo ulikuwa umekazwa barabara. Taa ndogo ya kioo iliwaka kijani. Alibonyeza vitufe ovyo kwa kiganja kizima, na mashine ikalia pii, pii, pii.

"Mudy, maiti gani inayolia?"

"Hiyo ni... inategemea, afande."

"Inategemea nini?"

Mudy alirekebisha tai.

Mwanasiti alipeleka mkono karibu na kioo, na vinyweleo vikamsimama. Umeme ulikuwamo humo, tele. Kioo kilikuwa hai, kimejifumba tu. Wataalamu wawili, mmoja wa mwizi na mmoja wa serikali, wamemwosha kama maiti mtu aliyelala usingizi.

Aligeuka. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Hafsa, karani, mama wa makamo mwenye sindano ya kufumia na bunda la uzi wa manjano. Ndiye aliyepeleka habari za pembe, na za Khamis kufungwa kwenye chumba cha barafu cha boti. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu, zaidi ya Mudy aliyemwagiza chai.

Juu ya kabati la faili palikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Maua ya manjano, vishada pembeni. Mwanasiti alikitambua upesi, maana kwao Umwe hakuna redio isiyo na vazi lake. Chombo cha thamani kikae uchi, kipigwe na vumbi, watu waseme nyumba haina mwanamke?

"Da Hafsa, kitambaa hiki cha nani?"

"Cha huyo hapo." Hafsa alikionyesha kioo kwa kidevu. "Nakivalisha jioni, nakivua asubuhi."

"Tangu lini?"

"Nilikimaliza Jumatatu. Jioni ileile nikakivalisha."

"Na Jumanne asubuhi giza."

Hafsa aliacha kufuma. "Nilimwambia bosi labda kitambaa kimegusa kitu. Akaniambia nikapike maandazi, mambo ya kompyuta niwaachie wanaume."

Mwanasiti alikitwaa, akakigeuza. Ukingo wa chini ulitiwa mpira, ule wa kiunoni mwa sketi.

"Mpira wa nini, da Hafsa?"

"Feni ilikuwa inakipeperusha. Nikakibana chini ya kidevu chake."

Mwanasiti alipitisha vidole chini ya kidevu cha kioo. Vikagusa kigurudumu kidogo, kama sarafu iliyosimama, kimezungushwa hadi mwisho na ule mpira. Alikirudisha taratibu.

Giza likawa kijivu. Kijivu kikatoa herufi.

Tahiri aliacha kucheka.

"Mwangaza," Mudy alisema kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. "Mwangaza ulikuwa umepunguzwa."

"Ndiyo, mtaalamu. Da Hafsa, njoo ukae mahali pako."

Hafsa alikaa, akapiga vitufe haraka kuliko anavyofuma. Orodha ya mafaili ikashuka. La mwisho liliitwa PETROS. Alilifungua.

Mwanasiti alipiga picha mbili kwa kamera yake ndogo ya Minox, kisha akashika redio.

"Chatu, hapa Kuyu. Mlango ni Simba Uranga. Boti ya buluu, watu wanne na mgeni mmoja. Mtu wetu yumo chini, chumba cha barafu."

"Simba Uranga. Dakika thelathini nafika."

"Fika kwa ishirini na tano."

Saa tano. Saa tano na robo. Hafsa alishika sindano bila kufuma, midomo ikisoma dua. Mwanasiti alisimama dirishani akitazama uani, na kama ungemwangalia usoni ungedhani anangoja chai.

Saa tano na dakika ishirini na mbili redio ilikoroma.

"Kuyu, tumewadaka. Petros kajitupa majini, tumemwopoa kwa ndoano. Khamis yu hai. Kavimba uso, anatetemeka kwa baridi, anaomba uji."

"Mpe wa pilipili manga."

Hafsa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema polepole, akimtazama bosi wake.

"Nani angejua?" Tahiri alinong'ona. "Kitambaa tu."

"Aliyekifuma alijua," alijibu Mwanasiti. "Ulimtuma maandazi."

Alikunjua kile kitambaa cha manjano, akamvalisha Tahiri kichwani, akaubana mpira vizuri chini ya kidevu. Vishada vikamning'inia mashavuni.

"Nitakurudishia, da Hafsa."

"Mwache nacho, mwanangu. Nitafuma kingine, nisitie mpira."

Akielekea mlangoni Mwanasiti alimpita Mudy aliyekuwa amepiga magoti, akitafuta skrubu chini ya meza.

"Afande, kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika ulikunywa chai."

Akamkabidhi Tahiri kwa dereva wa Land Rover, akawasha Yamaha.