Namba Iliyopanda Kwenye Kiolezo

Asubuhi ile programu za wanafunzi wote ziligoma kuwaka. Mwalimu alisimama katikati ya darasa, mikono kiunoni, rangi imemtoka. Alasiri bosi angekuja kuwatazama wanafunzi wakiandika violezo, yaani yale maandishi yanayoielekeza mitambo jinsi ya kuendesha programu ndani ya kontena, kisanduku chake pekee kwenye kompyuta. Wakishindwa, darasa linafungwa, na masomo yote aliyoyaandika kwa jasho lake yanatupwa.

Akaitwa Bi Jicho, mkaguzi wa programu, mwanamke ambaye makosa yakimwona hujificha. Alikifungua kiolezo cha mfano ambacho wanafunzi wote hukinakili. Juu kabisa, namba ya toleo ilikuwa imepanda kwa moja kuliko ile ya kwenye kitabu cha masomo. Chini yake, lo! Mtu alikuwa ameibana kumbukumbu ya programu kiasi kwamba ikiamka tu inaishiwa pumzi na kufa. Waliokuwa na ruhusa ya kukigusa ni watatu: Mwalimu, fundi wa mitambo, na Babu, mstaafu aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu na sasa ni msaidizi wake.

Macho yote yakamwangukia fundi. Si ndiye aliyenung'unika kila siku kwamba wanafunzi wanamjazia mitambo? Bi Jicho akamfuata kwenye chumba cha mitambo, penye baridi na kelele za feni. Fundi akayakiri manung'uniko yake, tena akaongeza mengine mapya, lakini akaapa hakukigusa kiolezo. Bi Jicho akaomba kuona violezo alivyowahi kuvibadilisha. Vyote vilibeba namba ileile viliyozaliwa nayo.

"Hupandishi namba ukibadilisha kitu?"

"Dada, Mwalimu amenigombeza mpaka akachoka. Nasahau tu."

Bi Jicho alirudi darasani taratibu, na roho ikimuuma kidogo, maana alimpenda yule mzee. Babu alikuwa akiwatuliza wanafunzi. Akamuuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, mtu akibadilisha kiolezo anaanza na nini.

"Anapandisha namba," Babu akajibu papo hapo.

"Aliyeharibu naye aliipandisha, Babu. Fundi hana tabia hiyo, wanafunzi hawana ruhusa, na Mwalimu hawezi kulibomoa darasa lake mwenyewe."

Babu akavuta kiti, akaketi. Alikuwa amesikia kwamba bosi akiridhika, Mwalimu atahamishiwa makao makuu. La kufungwa darasa hakuambiwa na mtu.

"Tangu mke wangu afariki, hapa ndipo nyumbani," akamwambia Mwalimu. "Nilidhani ukishindwa utabaki."

Mwalimu alitaka kufoka, hasira ikamwishia njiani. Akamwambia akirekebishe kiolezo mwenyewe, mbele ya wote, na Babu akakirekebisha huku akifuta macho. Alasiri programu zikawaka zote, bosi akafurahi mpaka akasahau kuketi. Akauliza nani atalishika darasa Mwalimu akiondoka. Mwalimu akamwonyesha Babu.

Bosi alipotoka, Mwalimu akamgeukia mzee na kumpa adhabu yake: aandike somo jipya la kutafuta kosa kwenye kiolezo, na mfano uwe kile alichokiharibu yeye.

"Na kitabu kikibadilika kwa somo hilo, naanza na nini?" Babu akauliza, kwa sauti ndogo.

"Unajua pa kuanzia," Mwalimu akasema, akamsogezea kompyuta.