Chaki ya Siku ya 358

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Kui Mathenge alipitia zahanati ya kijiji chao katika bonde la Solai, akapanda juu ya kreti la soda, akafuta nambari ya jana ubaoni na kuandika ya leo. Juu ya nambari hiyo, Sista Nakhumicha, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: SIKU BILA MALARIA YA HAPA. Kui alikuwa katika gredi ya sita na ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha afya shuleni. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa ile chaki, ingawa ukweli ni kwamba mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyeparua majivu.

Nambari ilikuwa imefika 356. Ikifika 365, yaani mwaka mzima, wageni wangekuja kutoka Nairobi na ng'ambo. Hao ndio waliotumwa na nchi zinazochanga vyandarua, vipimo na dawa, ili mataifa yenye malaria yaiage moja kwa moja. Kui ndiye angeandika nambari hiyo mbele yao. Mama yake, Wangeci, alikuwa amekwisha kumshonea sketi mpya, na majirani walikuwa wamechoka kusimuliwa habari za sketi hiyo.

Jumatatu jioni Kui alimkuta kaka yake Kihara, mwenye umri wa miaka kumi na minne, amejikunyata kwenye kochi chini ya blanketi mbili. Meno yalikuwa yakigongana.

"Ni baridi ya Mau Narok hiyo," Mama alisema, akikamulia ndimu kwenye chai ya tangawizi. "Nilimwambia shosho yake kule asimpeleke shambani kukiwa na umande. Sasa ona, amevuna viazi na nimonia pia."

"Si tumpeleke kwa Sista apimwe?" Kui aliuliza.

"Mimi niko sawa," Kihara alijibu haraka, akamkazia dada yake macho.

"Apimwe nini?" Mama alicheka. "Malaria si iliisha hapa? Na ubao si unaandika wewe mwenyewe?"

Kui alichukua kikombe cha chai akampelekea kaka yake. Alijua jambo ambalo Mama hakulijua. Likizo ilipokuwa ikiisha, wiki mbili zilizopita, Kihara aliaga kwa shosho, nyanya yao kule Mau Narok, siku mbili mapema, lakini hakuja nyumbani. Alipanda lori la Kipkemoi, dereva anayepeleka viazi Marigat na kurudi na matikiti. Alilala usiku mbili juu ya turubai, bila chandarua, akilinda mzigo, na mbu wa Marigat hawakumhurumia. Aliporudi alimletea Kui kipande cha tikiti ndani ya karatasi, wakaapa kwamba neno hilo halitatoka. Tikiti lilikuwa tamu, na Kui alilila mpaka kwenye ganda.

Jumanne Kihara alitapika mara tatu. Mama alipotoka kuteka maji, Kui alimsogelea.

"Kihara, acha nimwambie Mama."

"Ukisema, nitachapwa, na Kipkemoi hatanibeba tena," alinong'ona. Kisha akapiga mahali alipojua patauma. "Halafu na wewe utaandika sufuri kwa ubao wako. Utavaa sketi mpya ukiandika sufuri?"

Kui aliona aibu kwa sababu maneno hayo yalimwingia. Aliitaka 365 ile kwa moyo wake wote.

Jumatano asubuhi Kihara hakuweza kusimama. Alimwita Kui kwa jina la mbwa wao, na wala hakuwa akifanya mzaha. Mama alikuwa akichemsha maji ya kumfukiza, akiilaani baridi ya Mau Narok kana kwamba ni mtu. Kui alitoka mbio hadi zahanati, akapanda kreti na kufuta 357. Akaandika tatu. Akaandika tano. Nane hakuiandika.

"Katibu, leo umesahau kuhesabu?" Sista Nakhumicha alimtania kutoka mlangoni.

Kui alishuka, akamwekea chaki mkononi. "Sista, Kihara ni mgonjwa tangu juzi. Mama anasema ni baridi, lakini Kihara alilala Marigat usiku mbili, na mimi nilijua." Akaanza kulia. "Futa tu ubao. Weka sufuri. Lakini uje sasa hivi."

 Sista alichukua mkoba wake, na kwa mara ya kwanza Kui alijua kwamba mtu mnene anaweza kumshinda mbio.

Nyumbani, Sista alimchoma Kihara kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo cheupe. Walisubiri dakika kumi na tano. Mstari mmoja ulitokea, kisha wa pili.

"Ni malaria," alisema. "Mama Kihara, dawa aanze sasa, ameze na maziwa. Ni siku tatu kamili, hata akianza kucheza mpira kesho. Akitapika dawa, niite mara moja. Na chandarua chenu kiko wapi?"

Mama aliinamisha kichwa. Chandarua kilikuwa nje, kimefunika vifaranga wasinyakuliwe na mwewe.

"Basi vifaranga watafutiwe kifuniko kingine," Sista alisema. "Mbu wa hapa bado wako. Wanangoja tu mtu wa kuwaletea malaria."

Siku hiyo hiyo alimpima Kui, Mama na majirani wote. Hakuna aliyepatikana nayo. Kisha, Kui alipomweleza habari za lori, akamsimamisha Kipkemoi barabarani. Dereva huyo alikuwa akijisikia mchovu tu, akidhani ni usukani. Kipimo kikaonyesha mistari miwili, naye akaanza dawa papo hapo, kando ya magunia yake.

Jioni Kui alimuuliza, "Sista, sasa niandike sufuri?"

"Soma ubao vizuri. Unasema malaria ya hapa. Hii ya Kihara imesafiri, na tumeiwahi kabla mbu wetu hawajaibeba. Ingekuwa sufuri kama ungenyamaza wiki mbili zaidi. Malizia nambari yako."

Kui akaandika nane.

Siku ya 365 Kihara ndiye aliyemshikia kreti, amepona kabisa, japo adhabu ya Mama ya kuteka maji mwezi mzima ilikuwa bado inamwandama. Ua wa zahanati ulijaa watu, na Kipkemoi alikuwa ameleta matikiti ya wote. Kui aliandika 365, watu wakapiga makofi na vigelegele. Lakini hakushuka. Chini yake, kwa mwandiko ule ule wa kuku, aliandika: Wagonjwa wawili kutoka safarini. Wamepona.

Miongoni mwa wageni alikuwamo daktari mmoja kutoka Cape Verde. Alipotafsiriwa maneno hayo, alisimama.

"Nchi yangu imeishinda malaria," alisema kupitia mkalimani. "Lakini zamani tuliwahi kuimaliza, tukalala, ikarudi. Mstari huu wa chini ndio umenifurahisha kuliko nambari."

Sista Nakhumicha alimweka Kui mbele ya umati, mkono begani.

"Kipimo kilichomwokoa Kihara kilitoka mbali," alisema. "Dawa ilitoka mbali pia, na watu wa nchi nyingi walichanga ili vifike hapa. Tunawashukuru. Lakini vilikaa kabatini siku mbili, nyumba ya mgonjwa ikiwa karibu, kwa sababu palikosekana kitu ambacho hakuna nchi inayoweza kututumia. Ukweli lazima tuutoe wenyewe. Kui aliutoa akidhani utamnyang'anya siku hii, na ndiyo sababu tumeipata."

Mama Wangeci alipiga kigelegele kilichowaamsha hata vifaranga. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na wageni wala sketi mpya. Kui alipanda kreti, akafuta, akaandika 366.