Nilimngoja Kaka Yangu Mteremkoni

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita. Ninaishi Nyamasaria, nje kidogo ya Kisumu, na riziki yangu ni kutengeneza baiskeli. Natengeneza za watu wengine... yangu siipandi tena njia ikiwa na mteremko. Vijana wa hapa hunicheka, wanasema fundi gani anaogopa baiskeli. Waache wacheke. Hawajui ninachokisikia.

Wasomaji wenzangu, nisikilizeni hadi mwisho kabla ya kunihukumu. Nimehukumiwa vya kutosha.

Kwetu ni karibu na Katito. Tulizaliwa wavulana wawili, Omondi na mimi, Ochieng'. Omondi ndiye aliyenifundisha baiskeli kwenye ile ya kubebea mikate, miguu yangu ikiwa haifiki kwenye pedali. Nilianguka, akacheka. Nikalia, akaninunulia mandazi. Huyo ndiye kaka niliyekuwa naye!

Nilipokuwa na miaka ishirini hivi, kampuni moja ya kuuza betri iliunda timu ya waendesha baiskeli wa kulipwa. Omondi alichukuliwa kwanza, na yeye akawaambia wanichukue na mimi. Akawa kiongozi wa timu, mimi nikawa msaidizi wake. Kazi ya msaidizi si ngumu kuielewa. Unakaa mbele yake upepo ukupige wewe, unamletea maji, na tairi lake likitoboka unampa gurudumu lako. Yeye anaendelea na mbio. Wewe unabaki kando ya barabara ukingoja gari la mafundi.

Nilifanya kazi hiyo kwa furaha, naapa.

Kisha yakaja mashindano makubwa ya milimani, ya siku nne. Kutoka Kisumu tukapanda milima ya Nandi hadi Kapsabet, siku ya pili tukaenda Kericho, ya tatu Kisii, na siku ya mwisho tulikuwa turudi Kisumu kupitia Sondu, Katito na Ahero. Wazungu walikuwepo, na Waganda pia. Mshindi aliahidiwa kupelekwa Ulaya kujiunga na timu ya huko. Hebu fikiria! Mtoto wa Katito!

Siku ya tatu, kwenye vilima vya kuingia Kisii, miguu ya Omondi ilikataa. Alinisogelea, uso umempauka, akaniambia niende. Nilikataa. Akanitukana matusi ya kindugu, akanisukuma mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. Nikaenda... Jioni ile nilivalishwa jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Omondi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Alisema kuanzia kesho yeye ndiye msaidizi na mimi ndiye mkubwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

Lau ingeishia hapo!

Habari zilitangazwa redioni, na usiku uleule baba na mama wakafika Kisii. Mama alileta ugali na samaki wa kukausha. Omondi alikuwa chumba kingine akikandwa miguu. Tulibaki sisi watatu. Mama akipakua, baba akaanza.

"Kesho mtapita Katito," aliniambia. "Watu wote watakuwa barabarani. Omondi ni mkubwa. Wewe usipite mbele ya boma langu kabla yake."

"Baba, hizi ni mbio."

"Hata kupanda mahindi ni mbio, mvua haingoji mtu. Na bado unangoja Omondi aanze. Unataka kuniletea chira nyumbani?"

Kama wewe si Mjaluo huenda hutaelewa. Kwetu mtoto mdogo hamtangulii mkubwa. Hajengi kwanza, haoi kwanza, hapandi wala havuni kwanza. Ukivunja mwiko huo, chira inaingia bomani, na chira ni kifo cha mtoto, ni ugonjwa usio na dawa. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Nilijua baiskeli si jembe. Lakini nilikuwa pia mtoto wa baba yangu, na yule mzee alipokutazama ulisahau vitabu vyote.

Alinionya nisimwambie Omondi, kwa sababu ingemwaibisha. Nimwache tu apite Katito, baada ya hapo nifanye nitakavyo. Mama alimaliza kupakua. Alinisogezea sahani.

Nilipiga hesabu zangu. Jezi ya njano ni jumla ya siku zote nne, na mimi nilikuwa mbele kwa dakika kadhaa. Nikimpa Omondi nafasi pale Katito bado ningeshinda Kisumu. Mbio nitazipata, na baba nitamridhisha. Ni nani angeona hatari katika jambo dogo hivyo?

Kesho yake tulipita Sondu nikiwa mbele peke yangu. Kundi lilikuwa nyuma, Omondi akiwa ndani yake. Barabara ilianza kuteremka kuelekea Katito, na kwa mbali niliweza kuona uwanda wote mpaka ziwani. Nikaacha kukanyaga. Nikainua mgongo, upepo ukanipiga kifuani. Nikageuka kutazama nyuma.

Omondi aliniona.

Angejuaje kwamba nilikuwa nikitii amri? Yeye aliona ndugu yake, mwenye jezi ya njano, amepunguza mwendo mahali ambapo hakuna mtu anayepunguza. Akadhani nimepata pancha! Alichomoka kwenye kundi, akateremka ule mlima kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu yeyote. Nilisikia friwili ya gurudumu lake la nyuma ikilia nyuma yangu, trrrrr... ikikaribia.

"Ochieng', ni tairi?" alipaza sauti. "Chukua yangu! Simama, chukua yangu!"

Alikuwa ubavuni mwangu, ameinamisha kichwa, anatazama gurudumu langu la nyuma. Gurudumu lilikuwa zima. Hakuwahi kuinua macho. Mbele palikuwa na kona na ukingo wa daraja dogo.

Sitaeleza nilichokiona. Nimejaribu kukiandika nikashindwa.

Alifariki ndani ya gari la mafundi, kabla hatujafika hospitali. Gari hilo lilipita Katito, yeye amelazwa kiti cha mbele na mimi nyuma. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara na matawi mikononi, wakatushangilia bila kujua. Ndivyo kaka yangu alivyonitangulia mbele ya boma la baba. Mzee alipata alichokitaka.

Kwenye matanga, vijana wa timu walikuja na baiskeli zao, wakajiunga na wale waliokuwa wakikimbiza ng'ombe kufukuza mauti. Mimi niliambiwa nikae chini. Ndipo baba akasimama mbele ya wazee wote, akaniuliza kwa nini nilipunguza mwendo.

"Baba, ni wewe uliniambia," nikasema.

"Mimi?" Alinitazama machoni. "Mimi nilikuambia nini?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameketi na wanawake, akitazama ardhi. Aliendelea kuitazama. Jamani... mama yangu mzazi!

Kuanzia siku hiyo nilikuwa Kaini wa kwetu Nyakach. Wakasema nilimwonea wivu. Wakasema nilimtaka mkewe, Rosa, nikamfungia njia makusudi. Rosa aliwachukua watoto wake akahamia kwao Maseno. Nilipomfuata kumweleza, alifunga mlango nikiwa bado naongea. Timu haikuniita tena, wala mimi sikuitafuta. Nilihamia Nyamasaria.

Na bado namsikia. Nikiwa barabarani, pakianza kuteremka, friwili inalia nyuma yangu. Najisogeza kando, napunguza mwendo ili apite. Nangoja... Hakuna anayepita. Nikigeuka, naona barabara tupu. Mara ya mwisho nilishuka nikatembea hadi nyumbani nikiisukuma baiskeli, nikilia mchana kweupe.

Mwaka jana baba alifariki. Nilikuwa nimemngojea miaka yote hiyo aseme neno moja tu, kwamba aliniagiza. Hakulisema. Kwa kuwa sasa mimi ndiye mtoto mkubwa aliyebaki, ilinilazimu kuzungumza kwanza kwenye mazishi. Nilisimama. Watu walinigeukia, Rosa akiwa miongoni mwao na watoto wake waliokuwa wamekua. Ningeweza kusema yote! Lakini nilitazama jeneza. Nikasema baba alikuwa mtu mwenye msimamo, nikaketi.

Ndipo mama akainuka bila kuitwa.

"Huyu mtoto aliambiwa," alisema. "Baba yake ndiye alimwambia angoje Omondi. Mimi nilikuwa hapo, napakua ugali. Nilisikia na masikio yangu."

Wanawake wakapiga ukemi. Rosa aliinama akaficha uso kwenye mapaja yake. Nilidhani siku hiyo ikija ningeruka kwa furaha. Sikuhisi kitu. Nilimtazama tu yule mama mzee akiegemea fimbo yake.

Baadaye nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nikaoza miaka yote hiyo.

"Yeye ndiye alikuwa mwenye boma," alinijibu. "Nilikuwa nangoja aseme kwanza."

Wasomaji wenzangu, sikuweza kumkasirikia. Ningemkasirikiaje, mimi niliyepunguza mwendo kwa mwiko uleule wa kutomtangulia mkubwa? Sote wawili tulikuwa wapole, watiifu, wenye heshima... na Omondi yuko kaburini.

Nawasihi, hasa nyinyi vijana. Waheshimuni wazazi wenu, siwaambii mvunje nyumba. Lakini ukijua moyoni kwamba agizo si sawa, lijibu pale pale, hata sauti ikitetemeka, na umwambie ndugu yako ulichoagizwa. Laiti ningemwambia Omondi asubuhi ile pale Kisii! Najua angecheka. Angenitukana kidogo, angenisukuma mgongoni, na leo angekuwa hai.