Marahaba ya Bibi Marciana

Winnie, binti wa mradi aliyemtembelea bibi kila Alhamisi, alikuja na habari njema, na hapo ndipo ubaya ulipojulikana.

"Hongera, bibi! Simu inasema humu ndani kuna maongezi kutwa nzima. Rangi yako imekuwa kijani. Ofisini wameniambia nisije tena Alhamisi, niende kwa wapweke."

Bibi Marciana aliitazama simu aliyopewa na mradi ipime upweke wa wazee wanaoishi peke yao. Maongezi gani? Tangu azikwe mumewe, nyumba ile ya Rudewa haikuwa na mgeni ila Winnie. Yeye aliitikia tu salamu za vijana wapitao dirishani. Alitaka kusema, "Usiache kuja," mdomo ukagoma.

Aliporudi kutoka kumsindikiza, akakuta sebule inanuka katani mbichi, ilhali kiwanda cha katani kilifungwa zamani.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya kijana.

"Marahaba," akaitikia, kama kawaida. Lakini sauti haikutokea dirishani. Akafunua pazia la chumbani. Hapakuwa na mtu, ila godoro lilikuwa limebonyea, na likainuka polepole.

Alikwenda kwa Mzee Yassin, mganga wa majini.

"Ulimwitikia?" mzee akanong'ona.

"Kanipa shikamoo, mzee. Ningeiachaje?"

"Basi anakaa kwa hiyo marahaba yako. Nyamaza, ataondoka."

Akanyamaza. Sauti ikamsalimia jikoni, ikamsalimia akisali, ikamsalimia sikioni kabisa huku pumzi inayonuka katani ikimpapasa shingo, naye aking'ata upindo wa khanga na kunyamaza, mpaka shikamoo ile ikawa ya kuomba, ikawa kama ya mtoto aliyefungiwa nje, ikakatika.

Simu ikageuka nyekundu. Alhamisi bibi alifagia uwanja, akachemsha chai ya watu wawili, akakaa mlangoni kumngoja Winnie. Winnie alipiga simu tu.

"Bibi, mradi umefungwa. Hiyo simu baki nayo."

Chai ikapoa. Hakulia, wala hasira haikuja. Aliinuka, akasimama mbele ya pazia.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Harufu ikarudi. Kisha shikamoo zikatoka chumbani, darini, uvunguni mwa kitanda, sauti za watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na Bibi Marciana akaziitikia zote. Mezani, simu ikawa kijani.